Mwani wa akwariamu hushindwa na mimea, si na Javel

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu ushauri uliotolewa humo kwa msomaji mmoja wa hapa Bukavu ambaye akwariamu yake hugeuka kijani kila baada ya majuma machache, hadi samaki wenyewe hawaonekani. Aliambiwa amwage maji yote, asugue vioo, mchanga na mawe kwa Javel, ile dawa ya klorini ya kufulia na kusafishia, kisha ajaze maji mapya ya bomba. Na barua nyingine ikaongeza kwamba salfeti ya shaba kidogo, ile dawa ya buluu ambayo wakulima hunyunyizia mazao, humaliza kazi iliyoishinda Javel. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika mji huu na ni mfugaji wa samaki nyumbani. Nasema kwa heshima kwamba njia hizo mbili ndizo zinazourudisha mwani, na kwamba anayetaka maji yake yabaki maangavu hana budi kuotesha mimea mingi ndani ya akwariamu, kuilisha, na kuiacha ishindane na mwani kwa niaba yake.

Viumbe tunavyoviita mwani si vya namna moja, wala si vyote vinavyostahili kupigwa vita. Vumbi la kahawia linalofunika vioo na mchanga katika majuma ya kwanza ya akwariamu mpya kwa kawaida ni diatomu, yaani viumbe vya seli moja vyenye ganda la silika, na hupungua vyenyewe maji yanapotulia. Maji yenyewe yakiwa kijani, kiasi kwamba mkono ukizamishwa hauonekani, yamejaa mwani wa seli moja unaoelea. Nyuzi za kijani zinazojisokota kwenye majani ni mwani wa aina nyingine, na vile vishungi vyeusi vinavyong'ang'ania kingo za majani yaliyozeeka, ingawa ni vyeusi machoni, vimo katika kundi la mwani mwekundu. Utando laini wa rangi ya kijani na buluu, unaotandaa juu ya mchanga kama ngozi na kutoa harufu mbaya ukiguswa, si mwani kabisa: ni bakteria ziitwazo sayanobakteria, na baadhi yao huweza kujitwalia nitrojeni kutoka hewani, jambo linaloeleza kwa nini hustawi hata pale ambapo nitrojeni ya majini imekwisha.

Wote hao wanahitaji vitu vilevile: mwanga, kaboni, nitrojeni, fosforasi na madini mengine machache. Mwani unaoelea hujijenga kwa takriban atomi 106 za kaboni na atomi 16 za nitrojeni kwa kila atomi 1 ya fosforasi, kwa hiyo fosforasi, ambayo huhitajiwa kwa kiasi kidogo kuliko vyote, ndiyo mara nyingi inayoamua maji yatakuwa na rangi gani. Jambo hili lilionyeshwa waziwazi mwaka 1973, pale watafiti nchini Kanada walipoligawa kwa pazia ziwa dogo la jimbo la Ontario linalojulikana kwa namba 226, wakatia kaboni na nitrojeni pande zote mbili, lakini fosforasi upande mmoja tu. Upande uliopewa fosforasi uligeuka kijani. Ule mwingine haukubadilika. Katika akwariamu zetu hakuna mtu anayemwaga mbolea ya fosfati kwa makusudi, ila tunaiingiza kila siku kwa mikono yetu wenyewe, kwa sababu chakula cha samaki kimejaa fosforasi. Hapa Bukavu wengi huwalisha samaki wao unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, waliokaushwa, chakula kizuri na cha bei nafuu, lakini unga huo husambaa kila mahali, sehemu yake hushuka kwenye mchanga bila kuliwa, ikaoza huko. Anayelisha asizidishe kile kinachokwisha kwa dakika mbili, na siku moja katika juma asilishe kabisa. Samaki mzima hadhuriki kwa kufunga siku moja.

Sasa nirudi kwenye Javel. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yao, na chakula kinachooza hutoa amonia pia. Katika akwariamu iliyokomaa, jamii moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na jamii nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hizo hazielei tu majini. Zimejishika kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye sifongo ya chujio, na huchukua kwa kawaida majuma 4 hadi 6 kujijenga tangu akwariamu ianzishwe. Javel huziua zote kwa saa moja. Mwenye akwariamu aliyesugua kila kitu Jumamosi asubuhi, akarudisha samaki wake jioni, amewarudisha katika chombo ambacho hakuna kitu cha kuisafisha amonia yao, na kwa vile mwani hupenda sana kuila amonia, hautakawia kurejea. Shamba lililolimwa likaachwa tupu huota magugu, na akwariamu iliyosafishwa hadi ikang'aa, bila jani hata moja ndani yake, iko katika hali hiyohiyo.

Kwa mtu anayetumia maji ya Ziwa Kivu, hatari hii ni kubwa zaidi kuliko inavyoelezwa katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye maji laini, yaani yasiyo na madini mengi. Maji ya uso wa ziwa letu yana magnesiamu na bikabonati, yaani chumvi zenye kaboni, kwa wingi, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ni karibu 9. Amonia iliyomo majini huwa katika hali mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu kali kwa samaki, na pH ndiyo inayogawa kiasi cha kila moja. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika hali ya sumu. Ikiwa 8, ni kama asilimia 5. Ikiwa 9, ni zaidi ya theluthi. Kwa maneno mengine, kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa maji laini wangekivumilia, kinaweza kumuua samaki aliyemo katika maji tunayochota hapa kwa bidoni. Ndiyo sababu mtu anasafisha akwariamu kwa bidii, maji yakawa maangavu kuliko yalivyowahi kuwa, na baada ya siku chache samaki wakaanza kufa mmoja mmoja, naye akadhani ziwa limechafuliwa au jirani amemfanyia ubaya. Tena Javel ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma mapafu, na si busara kuifanyia kazi hiyo ndani ya chumba ambamo watoto wanalala.

Juu ya salfeti ya shaba nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ukweli wake hauna utata. Shaba huua mwani, ni kweli, na hutumiwa kwa kazi hiyo katika mabwawa. Lakini huua pia konokono na kamba wadogo, hudhuru mimea mingi laini ya majini, na katika maji yenye bikabonati nyingi kama yetu, sehemu yake huganda na kutulia kwenye mchanga ikabaki humo. Zaidi ya hayo, mwani uliokufa wote kwa mara moja huoza wote kwa mara moja. Uozo huo hula oksijeni, nao samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya uso wa maji. Fosforasi na nitrojeni zilizokuwa ndani ya mwani hurudi majini zikiwa tayari kulisha kizazi kingine. Sijui dawa nyingine inayoutandikia hivyo adui wake kitanda.

Basi ni mimea ipi? Hapa hali ya maji yetu inaamua mengi, na mtu asinunue mmea kwa uzuri wa picha tu. Mimea ya majini hupata kaboni yake ama kama gesi ya kaboni iliyoyeyuka, ama, kwa ile inayoweza, kutoka kwenye bikabonati. Katika maji yenye pH karibu 9, gesi ya kaboni iliyo huru ni kidogo mno, kwa hiyo mimea isiyojua kutumia bikabonati hudumaa hata ikipewa mwanga wa kila namna, na jani lililodumaa ndilo mwani unalopenda kukalia. Inashangaza kidogo kwamba tunaishi kando ya ziwa ambalo kina chake, kinachofika karibu mita 485, kimefunika gesi ya kaboni inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kama kilomita za ujazo 60 ambayo wenzetu wa Rwanda wameanza kuizalishia umeme, na hali mmea ulioko katika maji ya juu unaitafuta gesi hiyo bila kuipata. Kuna wanaofunga chupa ya sukari na hamira ili mapovu yake ya gesi hiyo yaingie katika akwariamu. Njia hiyo inafanya kazi kwa majuma mawili matatu, kisha hamira huchoka, gesi hupanda na kushuka, na mwani wa vishungi vyeusi hupenda sana hali hiyo ya kuyumbayumba. Kwa maji yetu naona ni heri kuchagua mimea inayokubaliana nayo.

Ya kwanza ni Ceratophyllum demersum, ule mmea wenye majani kama sindano laini yaliyozunguka shina, unaoota katika maziwa na mito mingi ya Afrika. Hauna mizizi, huchukua chakula chake chote moja kwa moja kutoka majini, hutumia bikabonati, hukua haraka, na huelea au hufungwa kwenye jiwe bila taabu. Kwa akwariamu changa hakuna mshindani mkali zaidi wa mwani. Wa pili ni Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe, ambao huota pia katika Ziwa Tanganyika. Nao hutumia bikabonati, na ukishashika mchanga hutuma vichipukizi vyake chini kwa chini hadi unajaza upande mzima wa nyuma. Mimea ya Potamogeton huvumilia vilevile maji haya magumu. Anayetaka mmea wa kupamba mbele atafute Anubias, ambao asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, Bonde la Kongo likiwamo. Lakini ajue kwamba hukua polepole sana, majani yake hukaa muda mrefu na hivyo hushikwa na mwani kwa urahisi, basi upandwe penye kivuli cha mingine, na lile shina lake nene linalotambaa lisifukiwe mchangani, kwani litaoza. Zaidi ya aina yenyewe, kilicho muhimu ni wingi. Mtu anapanda mashina matatu katika pipa la kioo la lita 100 kisha anasema mimea haikumsaidia! Sehemu kubwa ya chini ifunikwe tangu siku ya kwanza, kabla samaki hawajatiwa, hata kama ni kwa Ceratophyllum peke yake, na mimea mingine ya mapambo ije baadaye.

Mimea mingi ya majini, ikiwa na hiari, hupendelea kuchukua amonia kabla ya nitrati. Maana yake ni kwamba mimea yenye afya husafisha ile sumu niliyoieleza hapo juu kabla hata bakteria hazijaifikia, na kwa maji yenye pH ya juu faida hii ni kubwa kuliko ya maji kubaki maangavu.

Kuhusu udongo, tuna bahati. Wengi huweka mchanga mtupu, kisha hushangaa majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Katika maji yenye pH ya juu chuma huganda na mmea hauwezi kukinywa. Udongo mwekundu wa vilima vya Bukavu umepata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, na oksidi hizo zina tabia nyingine ya kutufaa, kwamba hukamata fosfati na kuizuia isielee ovyo. Uchukuliwe udongo wa chini usio na mizizi, kutoka mahali pasipotiwa samadi wala mbolea ya dukani, uchekechwe, utandazwe kwa unene wa sentimita 2 au 3, kisha ufunikwe kwa mchanga uliooshwa wenye unene huohuo. Mizizi ya Vallisneria itaufikia yenyewe. Kwa akwariamu iliyokwisha kujazwa, inatosha kuufinyanga udongo huo kuwa vidonge, kuvikausha, na kuvisukuma ndani ya mchanga karibu na mizizi. Asiyefunika udongo vizuri atapata maji ya rangi ya chai, na asimlaumu mtu. Majani yaliyozeeka yakiwa ndiyo yanayogeuka manjano kwanza, upungufu si wa chuma bali ni wa nitrojeni, na matundu madogo madogo katika majani ya zamani kwa kawaida huashiria upungufu wa potasiamu. Nimeyaandika haya kwa kuwa watu wengi wakiona jani la manjano huongeza saa za mwanga, na mwani ndio unaofaidi.

Mwanga wenyewe ndipo makosa mengi hufanyika. Bukavu iko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo mchana wetu una karibu saa 12 mwaka mzima, na akwariamu iliyowekwa dirishani kwa ajili ya kuokoa umeme hupata mwanga mwingi kuliko mimea yake inavyoweza kutumia. Iwekwe mbali na dirisha, iwashiwe taa ya LED kwa saa 6 hadi 8, na saa hizo ziwe zilezile kila siku. Kwangu mimi taa huwaka kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, wakati ambapo watu wa nyumbani wapo na wanaiona. Najua wasomaji watauliza: saa zilezile kwa umeme upi? Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haina ratiba, na taa iliyounganishwa na ukuta huweza kuwaka saa nane za usiku kwa kuwa ndipo umeme ulipokumbuka kurudi. Paneli ndogo ya jua pamoja na betri inatosha kwa taa ya LED ya volti 12 na pampu ndogo ya hewa, ambayo haili zaidi ya wati chache. Kati ya hivyo viwili, pampu ndiyo ipewe kipaumbele usiku, maana mimea ikikosa mwanga huacha kutoa oksijeni na huanza kuitumia sawa na samaki. Kwa sababu hiyohiyo nashauri chujio la sifongo linalosukumwa na hewa kuliko yale ya kopo lililofungwa: umeme ukikatika saa nyingi, bakteria zilizo ndani ya kopo hukosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi chujio humwaga uozo wote ndani ya akwariamu. Sifongo ikiziba ioshwe katika maji yaliyotolewa humohumo, si kwa maji ya bomba yenye klorini.

Kila juma robo ya maji ibadilishwe. Maji ya bomba yakae saa 24 katika ndoo iliyo wazi ili klorini iondoke. Tangu Septemba hadi Mei mvua hutupatia maji laini bila malipo, na nusu yake ikichanganywa na nusu ya maji ya ziwa, bikabonati hupungua kwa karibu nusu, ingawa pH haishuki kwa kiasi hicho. Mvua ya dakika za kwanza iachwe ipite kwa kuwa inasafisha paa, na maji ya mabati mapya yasitumike, kwa ajili ya zinki.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo, Bwana Mhariri, naliona zito kuliko mengine yote, nalo halikuguswa katika barua zilizotangulia, ingawa mmoja wa waandishi wake alisifu konokono wa ziwani kama wasafishaji wa mwani. Konokono husaidia kweli. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na Vallisneria ndani ya chombo kimoja, akaona majani yanayooza yakichafua maji na utando wa kijani ukishika vioo, mpaka alipotia konokono waliokula uozo na utando huo, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Lakini Warington aliishi London. Huku kwetu, konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na mabuu wanaotoka kwao hupenya ngozi ya mtu aliyetia mkono majini. Wa kwanza wana ganda bapa lililojiviringa kama sarafu. Wa pili wana ganda dogo lililochongoka, ambalo mdomo wake uko upande wa kushoto ukilisimamisha mbele yako. Mtoto anayekwenda ufuoni kuchuma mimea kwa ajili ya akwariamu ya baba yake anaweza kurudi na ugonjwa hata kabla ya kufika nyumbani, na konokono mmoja aliyejificha katika kishada cha Ceratophyllum anaweza kuendelea kutoa mabuu kwa majuma mengi.

Kwa hiyo mimea inunuliwe au iombwe kwa mfugaji mwenye akwariamu iliyokomaa, palipo na uwezekano. Ikilazimu kuichukua ziwani, ichukuliwe na mtu mzima mwenye glavu na buti za mpira, isiwe karibu na mahali watu wanapojisaidia au kufulia; ioshwe, igeuzwe jani kwa jani kutafuta konokono na yale mayai yanayofanana na matone ya ute, kisha ikae majuma matatu katika ndoo yenye maji safi ambayo hakuna mtu anayetia mkono mtupu, huku ikikaguliwa mara kwa mara, na kila konokono anayeonekana apondwe. Mabuu wenyewe, wasipompata mtu, hawamalizi siku mbili. Anayehisi muwasho wa ngozi baada ya kazi hiyo, au homa majuma machache baadaye, aende kituo cha afya na aeleze alikogusa maji.

Mwani ambao umekwisha kuingia una tiba zake, na nitazitaja kwa haraka. Maji ya kijani hufunikwa kwa blanketi jeusi siku tatu au nne bila mwanga wowote, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kisha nusu ya maji ibadilishwe. Mimea yenye afya huvumilia giza hilo, mwani unaoelea hauvumilii. Nyuzi zizungushwe kwenye kijiti na kuvutwa. Jani lililoshikwa na vishungi vyeusi likatwe, halitapona. Utando wa sayanobakteria unyonywe kwa mpira, mchanga ufikichwe, maji yazungushwe vizuri zaidi, na giza la siku tatu lifuate. Nimesikia wanaoponda vidonge vya antibayotiki vya dukani na kuvitia majini kwa kuwa utando huo ni bakteria. Utando utakufa, sibishi, pamoja na bakteria nyingine tunazozihitaji, na zile zitakazobaki zitakuwa zimezoea dawa ambayo kesho daktari ataihitaji kwa mtoto wa mtu. Nasihi duka la dawa lisiuze vidonge kwa kazi hiyo.

Akwariamu ikifanikiwa, mimea itakuwa mingi kuliko nafasi, na kila kinachopunguzwa kimeondoa nitrojeni na fosforasi ambazo mwani ungezila. Mapunguzo hayo yatupwe kwenye shimo la mboji au yafukiwe chini ya migomba, na yasitupwe ziwani wala katika mto Ruzizi. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, liliufunika Mto Kongo katika miaka ya 1950, na Ziwa Victoria likafuatia miongo michache baadaye. Wapo wanaolitunza hadi leo kwenye mabeseni kwa sababu ya maua yake. Ni kweli kwamba sambaza nao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakalisha watu, na sitaki kuonekana mtu asiyekumbuka anachokula. Walakini samaki yule aliletwa kwa uamuzi wa watu waliojua wanachokifanya na waliomfuatilia, na hakuna atakayefuatilia kitakachotoka katika ndoo iliyomwagwa gizani pale ufuoni. Naomba ukurasa wako, Bwana Mhariri, utakaporudia habari hizi, utangaze angalau mambo mawili: kwamba shaba na Javel haziingii katika chombo chenye samaki, na kwamba konokono wa ufuoni wasipelekwe nyumbani.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu wa biolojia,
Ibanda, Bukavu